Hili Ua Lina Nini na Mimi?

Jirani, vuta kreti ukae. Si hiyo. Hiyo imevunjika, ilinimwaga juzi mbele ya mama mboga, chai yangu mkononi. Chukua ile ya pili. Nina maneno.

Nikuulize kitu. Ushaona kiumbe kinachougua kwa kupewa maji? Ng'ombe akikosa maji anakonda. Mahindi yakikosa maji yanajikunja. Mimi nikikosa chai ya saa nne sisalimii mtu. Lakini pale kwangu kwa ploti, hapa hapa Migori, kulikuwa na mmea ukiunyima maji unanenepa, ukiupa unaoza. Halafu eti mimi ndiye nimeukosea. Nyumba nzima imeamua hivyo. Hata kijana wa landilodi, yule anayevaa viatu mguu si wake, akipita ananiangalia na kutikisa kichwa.

Mambo yalianzia Homa Bay. Mama watoto alienda matanga kwao. Kawaida akitoka huko anakuja na omena, ama mbuta amefungwa kwa gazeti, nyumba inanuka vizuri mpaka jirani anakumbuka kuja kuuliza hali. Safari hii alikuja mikono mitupu. Alikuja na wazo. Omena ukipika zinaisha. Wazo la mke halipikiki.

Eti mama yake ana dezati rozi. Nikasema hongera. Eti shina lake limefura pale chini, mizizi imejikunja nje ya udongo, na juu ni maua matupu ya pinki, majani yenyewe huyaoni. Nikasema hongera tena. Eti na sisi tuwe nayo. Hapo nikanyamaza. Eti lakini isiwe pinki, pinki ni ya mama, sisi tutafute ya manjano, ndio wenzake wa chama wakija waulize imetoka wapi. Nikaona mshahara unasimama, unavaa kofia, unatoka nje.

Basi nikaenda kwa jamaa wa miche, kando ya ile barabara kubwa inayoshuka Isebania. Nikamwambia nataka waridi la jangwani. Akanitazama viatu kwanza. Halafu akatoa simu akaanza kunionyesha picha. Mweupe pee. Mwekundu wa kuiva. Mweupe wenye ukingo mwekundu. Zambarau iliyokolea mpaka wauzaji wanaiita nyeusi. Mwingine petali zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka, unafikiri ni gauni la bibi harusi. Akasema rangi nyingi za namna hiyo zimetengenezwa na wakulima wa Thailand na Taiwan, wanaozalisha hii miti na kuichanganya miaka nenda miaka rudi. Ule wa porini, wa Mungu mwenyewe, ni pinki ama mwekundu, koo lake jeupe, basi.

Nikamwuliza kama iko ya bluu. Mtandaoni nimeona mbegu za bluu zinauzwa, bluu ya sare ya shule kabisa. Huyo jamaa alicheka mpaka akashika mwembe.

"Mzee, bluu haiko. Hiyo ni bluu ya simu. Nunua hizo mbegu, utaota pinki. Ama utaota nyanya."

Wateja wengine wawili nao wakacheka. Hawakujua tunacheka nini, walicheka tu kwa sababu yangu.

Nikachagua manjano. Elfu moja mia tano. Kwa kitu hakina hata jani la kuchemsha! Akanionyesha kovu kwenye shina, limefungwa kwa plastiki. Akasema huu umepandikizwa, chini ni pinki wa kawaida, juu ni manjano, chochote kikichipuka chini ya kovu uking'oe. Nikaitikia. Mimi nimezoea kuitikia, hata benki huwa naitikia. Akaendelea: jua kali kutwa nzima, mchanga mwingi, maji kidogo, ukauke kabisa ndio umwagilie tena, na chungu kiwe na matundu. Nikajua hizo ni lugha za wauzaji. Kila anayekuuzia kitu lazima akupe masharti, kikiharibika iwe ni wewe.

Nikaufikisha nyumbani na kuutunza. Nakuapia, jirani, niliutunza kuliko ninavyotunzwa. Nikaupanda kwa mkebe wa rangi, mzima, hauna tundu hata moja. Nani anatoboa mkebe mzima? Nikaweka ule udongo wetu mweusi unaonata, ule unaovua mtu kiatu msimu wa mvua. Jioni nikitoka kazini, kabla sijavua soksi, naumwagia maji. Maji ya jerikeni, shilingi ishirini, ya mkokoteni, sio ya mvua. Nikaona bado umenuna. Nikaenda kuomba samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, nikajaza. Nikaongeza na mbolea ile ya kukuzia mahindi, kile kijiko cha wali. Majani yakaja! Majani mapana, ya kung'aa. Maua hakuna. Baadaye mwalimu wa sayansi wa ploti yetu, mlango wa tatu, akaniambia mbolea ya namna hiyo inasukuma majani tu, maua yanataka potashi. Kwa nini hakuniambia mapema? Alikuwa anapita hapo kila siku akisema "habari ya jioni".

Halafu masika yakaingia. Unajua masika ya huku. Mvua ya Machi hadi Mei haibishi hodi. Mkebe ulikuwa chini ya mchirizi wa bati, mimi nikafurahi, nikasema sasa jerikeni nimeokoa. Siku moja nikabonyeza lile shina. Likabonyea. Nikamwita mama watoto, nikamwambia njoo uone, linaiva.

Mama watoto hakusema kitu. Alienda moja kwa moja kumwita mwalimu.

Huyo mwalimu, wacha nikuambie. Ni mtu mzuri lakini hawezi kukusaidia bila kukufundisha. Alisimama katikati ya baraza, watoto wa ploti yote wamejikusanya, akaanza. Lile shina ndilo tangi la maji, mmea unajiwekea wenyewe. Asili yake ni nchi kavu, kuanzia Senegal huko, unakata ukanda wa chini ya Sahara mpaka kwetu Afrika Mashariki, unavuka mpaka Uarabuni. Hapa Kenya uko porini Baringo, uko Samburu, uko kule Pwani, ambako wanauita mdagu. Unamea penye mawe. Hakuna mtu anayeumwagilia Baringo, akasema, akinitazama. Watoto wote wakanitazama.

Akaendelea. Eti mzungu wa kwanza kuuandika alikuwa Peter Forsskål, Mswidi, aliukuta Yemen, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1775, mwenyewe ameshakufa. Alikufa huko huko Yemen mwaka 1763. Kwa malaria. Hapo ndipo nilipoelewa kitu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Malaria ni ugonjwa wetu, sisi watu wa ziwa tunaujua, nikataka kuchangia, nikainua mkono kama wanafunzi wengine. Mwalimu akapita juu ya mkono wangu.

Sasa upasuaji. Akaung'oa mmea, mizizi imegeuka uji. Akaomba kisu. Nikaleta kile kizuri cha jikoni. Akakata palipooza, akakata tena, mpaka akafika nyama nyeupe ngumu isiyo na doa. Akaniambia niuning'inize chini ya paa, mbali na mvua, kidonda kikauke zaidi ya wiki, halafu nipande kwa mchanga mkubwa wa mto, kokoto ndogo, makaa yaliyopondwa na samadi kidogo iliyooza kabisa. Maji yapite kana kwamba hayakuwahi kumwagwa. Hayo mambo ya kokoto yalinisumbua sana, zikawa zinamwagika, mmea unalala upande. Na huu ni mkoa wa mawe! Kule Thimlich Ohinga, kaunti hii hii, wazee walipanga ukuta wa mawe bila saruji, umesimama karne kwa karne, UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Mimi mjukuu wao nimeshindwa na chungu kimoja.

Lakini kilichoniuma si hicho. Ni utomvu. Wakati wa kukata, yalitoka maji meupe, yakanishika mikono yote. Mwalimu, sasa ndio anakumbuka, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Usishike macho. Hiyo ni sumu ya moyo." Ya moyo! Ni jamaa mmoja na olianda, kila sehemu ina sumu. Eti Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kule Tanzania, huchemsha utomvu wake na kupaka mishale, na mnyama akipigwa anaanguka. Nikaanza kuhesabu mapigo yangu. Nikakosea hesabu, nikaanza upya.

Jirani, ile jioni sitaisahau. Kisu kizuri kilitupwa chooni. Nilinawa kwa sabuni ya kufulia, mama watoto amesimama hapo anasimamia, "tena", "na kucha", "tena". Ugali ulipoletwa, watoto wangu wa damu walivuta sahani upande wao. Nikapewa ugali wangu peke yangu, kwenye kifuniko cha sufuria, karibu na mlango. Nimelipa karo ya hao watoto. Yule mdogo akauliza, "Baba akikufa usiku huu, kesho tutaenda shule?" Mama yake akamwambia ale.

Mmea ukapona. Mimi hakuna aliyeuliza.

Ukapona na ukaanza kuchipua. Na hapa ndipo nadai haki yangu, usiniingilie. Juu ya lile kovu kulikuwa na tawi moja, dogo, limesinyaa, vijani viwili vya kuombaomba. Chini ya kovu kukatoka tawi nene, lina nguvu, linapanda kila siku. Wewe ungefanya nini? Kwa nyumba kuna mtoto anafanya kazi na mwingine amelala, utalisha nani? Nikachukua wembe, safari hii nimevaa mifuko ya plastiki mikononi, nikamkata mvivu. Yule mwenye bidii nikamwachia uwanja. Nikamweka juani kabisa, nikaacha maji, si ndio mnavyotaka. Walikuja wadudu wa njano wakajaa kwenye ncha, nikawapiga na maji ya sabuni. Alikuja kiwavi wa kijani, mnene, ana madoa mawili mbele yanayokukodolea macho, anakula majani kwa ujasiri wa mpangaji aliyelipa. Huyo nilimwogopa, nikamwita mama watoto.

Ua likafunguka. Pinki.

Nilienda kwa yule jamaa wa miche nikiwa nimekasirika mpaka nikapita kibanda chake, nikarudi nyuma. Nikamwambia umeniuzia manjano, nimepata pinki, huo ni wizi wa mchana. Akauliza kwa upole, tawi limetoka juu ya kovu ama chini? Nikasema chini, lakini ni mmea ule ule mmoja! Akasema chini ni pinki, nilikuambia. Akasema manjano ndio ile uliyokata. Sasa hiyo ni sababu? Mtu anakuuzia kitu kimoja chenye rangi mbili, ile ya bei imekaa juu inaumwa, ile ya bure iko chini inashiba, halafu kosa ni la mnunuzi! Nikamwambia nitamfikisha mbali. Akanipa maji ya kunywa. Nikayanywa, jua lilikuwa kali.

Mama watoto alilitazama lile ua muda mrefu. Akasema, "Basi. Kama ni pinki, angalau litupe mbegu tuuzie chama." Nikafurahi, nikajua limeisha. Halijaisha. Mwalimu, tena mwalimu, akasema huu mmea ukiwa peke yake ni nadra kushika mbegu. Unataka mwenzake. Na mwenzake wa karibu yuko wapi? Homa Bay, kwa mama mkwe.

Kwa hivyo nikapanda matatu na ua mapajani. Makanga akauliza, huyu ni abiria ama mzigo? Watu wakacheka. Nikasema ni mzigo. Akasema mzigo unakaa kwa buti. Nikasema basi ni abiria. Akasema abiria analipa. Nikalipa viti viwili, na bado mama mmoja aliyepanda Awendo akamweka mtoto wake kwenye kile cha ua. Huyo mtoto alikuwa akinyoosha mkono kwa majani njia yote, mimi napigana naye kimya kimya kwa sababu ya sumu, abiria wananiona mtu mzima anayemnyima mtoto ua. Tukabadilisha gari Rongo, tukapita Rodi Kopany, nikashuka Homa Bay shati limelowa. Eti ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, mahali pa kimo hicho pangekuwa na adabu ya baridi kidogo. Jua la Homa Bay halijaambiwa. Lakini ule mmea ulikuwa unafurahi, nikauona kabisa unafurahi. Unachoogopa ni baridi, chini ya nyuzi 10 unaumia, kwa hivyo ndugu zetu wa Limuru wasijisumbue.

Sasa unajua mambo ya ukwe kwa sisi Wajaluo. Mama mkwe humzoei. Unakaa pale ulipoonyeshwa, unaongea ukiulizwa, unashukuru. Huinami-inami kwa boma la watu. Lakini ile dezati rozi ya mama mkwe iko nyuma ya jiko, juu ya mwamba, kwenye chungu kilichovunjika, na nilipoiona nilisahau mimi ni nani. Shina limenona, nene kuliko paja langu. Maua hayahesabiki. Nikainama nione mizizi. Nikainama zaidi. Mama mkwe akatokea nyuma yangu kimya kimya, akasalimia kilichokuwa karibu naye.

Niliitikia nikiwa huko huko chini. Kunyooka niliogopa, kubaki niliogopa. Shemeji alinitoa.

Baadaye nikauliza kwa heshima zote, Mama unaupa nini? Akafikiri. Akasema huwa anasahau kama uko. Kila mwaka kijana anauinua kidogo kwenye udongo, mizizi ionekane, anapunguza matawi ndio yatoke mengine na maua yaongezeke, basi. Maji? Mvua ikinyesha. Halafu akasema mbuzi hawausogelei, hata yeye utomvu wake hauchezei, ni wa kuheshimiwa kama wa ojuok, ule mnyaa. Mimi nilikuwa nimeishi na huo mmea miezi na miezi, na mbuzi walikuwa wanajua zaidi yangu.

Kijana wa shemeji, yuko kidato cha tatu, ndiye aliyefanya ile kazi. Alipasua petali za ua moja, akafungua kile kikoni kilichofichwa ndani kabisa ya koo, akachota unga wa njano kwa ncha ya unyasi, akauingiza kwenye ua langu. Nikaambiwa nisipumue. Safari ya kurudi mmea ukakatazwa, eti matatu itaangusha mimba. Ukabaki kule.

Na ikashika! Nikatumiwa picha. Maganda yametoka mawili mawili, yamechongoka na kupinda kama pembe za ng'ombe. Nikaambiwa yanataka miezi miwili, mitatu, yafungwe uzi kabla hayajapasuka, kwa sababu kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo wa ziwa ukiingia hapo utazivuna kisiwani Mfangano. Rangi gani zitatoka? Hakuna ajuaye, mbegu haifuati mzazi. Nikasema sawa, hata ziwe pinki zote, mama watoto ameshawaambia wanachama, orodha iko na pesa ya chai imetangulia.

Nikapiga simu nipange siku ya kuzifuata. Shemeji akasita. Akasema Mama ana neno. Mama anasema ua lilikuja lenyewe kwake, likaolewa kwake, likazalia kwake. Watoto ni wa kwake. Nikasema Shemeji, ua ni la kwangu, nina hata risiti. Akasema Mama anajua ni la kwako, lakini anauliza pia wale ng'ombe waliobaki wa dada yetu walifikia wapi, kwa sababu mwenye hajamaliza mahari hadai watoto, na yeye amekunyamazia miaka mingi kwa heshima.

Jirani, nilikaa chini. Nikawaza haraka. Nikasema nitatuma kitu kwa simu, jioni hii, Mama ajinunulie huyo ng'ombe mwenyewe, anayempenda, rangi anayotaka. Nikasikia shemeji anamwelezea. Nikasikia kimya. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, iko mbali lakini inaeleweka: "Mwambie pembe za ua nimeshaziona. Sasa alete zile zingine, na zitembee zenyewe."